Safari ya Mombasa kwa Ajili ya Shamba la Nyaramba

Kwetu Nyaramba mtu akisema kwamba fulani yuko Mombasa, wasikilizaji hutikisa vichwa kana kwamba wameambiwa habari za mtu aliyevuka bahari, wala si za mtu aliyefika ukingoni mwake tu. Vijana wetu wengi wamo katika mji ule. Wengine wako bandarini, wengine maghalani, wengine ni walinzi na mafundi, na wengine haijulikani wafanya nini. Habari zao hutufikia kwa simu mwisho wa mwezi pamoja na fedha kidogo, kisha kimya. Mimi nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani ya chai kwa muda wa miaka 26, na katika miaka hiyo nilipima kilo zisizohesabika ambazo mwisho wa safari yake ulikuwa Mombasa, lakini mji wenyewe sikupata kuuona. Niliuona mwezi wa Agosti, mwaka 2024, na sababu ya kwenda haikuwa matembezi.

Ndugu yangu mkubwa, ambaye miguu yake haimtii tena, ameazimia kuligawa shamba lake akiwa hai, ili wanawe wasije wakaburutana mahakamani juu ya kaburi lake. Shamba lenyewe ni ekari mbili na nusu: chai, migomba, mahali pa ng'ombe wawili, na nyumba. Wana ni watatu, na binti mmoja aliyeolewa akarudi. Mwana wa pili yuko Mombasa, naye hakuonekana nyumbani tangu mwaka 2019. Kila alipoulizwa kwa simu alijibu, "Fanyeni mnavyoona vyema, Tata." Wazee wa kwetu hawalipendi jibu la namna hiyo, maana anayesema hivyo leo ndiye ajaye kesho na wakili. Tena jirani mmoja mwenye fedha alikuwa amekwisha kumwendea mwana mkubwa na kumwambia kwamba sehemu ya huyo wa Mombasa angeinunua hata kabla haijapimwa. Basi ndugu yangu akanituma nikamwulize kijana uso kwa uso: atarudi, au hatarudi? Na asiporudi, sehemu yake iwe ya nani?

Sitamchosha msomaji kwa habari za njia ya kutoka kwetu hata Nairobi, kwa kuwa wengi wanaijua. Kutoka Nairobi nilipanda treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1500, na safari ni ya muda wa saa tano au sita. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na wazee waliosafiri nayo wasema walikuwa wakilala njiani usiku kucha. Reli mpya imeinuliwa juu ya nguzo mahali pengi ili wanyama wapite chini. Katika Tsavo niliona ndovu wekundu kama matofali, kwa ajili ya udongo wanaojipaka. Mwanamke aliyeketi mbele yangu hakuinua hata macho. Nadhani alikuwa amekwisha kuwaona mara nyingi, nami nilimhurumia.

Treni husimama Miritini, bara, mbali kidogo na kisiwa. Mwana wa ndugu yangu alikuwa akiningoja pale. Alinisalimu kwa Kikisii, akaniita Tata, maana kwetu ndugu wa baba ni baba vilevile, kisha akaongea na mwenye matatu kwa Kiswahili ambacho sikukitambua kuwa ni chake. Kilikuwa laini, kinateleza. Mimi ninayeandika Kiswahili cha ofisini tangu ujana wangu nilijiona kama mtu aliyevaa viatu vya mvua ndani ya msikiti. Wenyeji waliniambia kwamba Agosti kwao ni wakati wa baridi. Nilifuta jasho nikawaitikia.

Kwanza aliniomba nikaone kazi yake, nami nilitaka kuiona kuliko kuiona bahari. Yeye ni kibarua katika ghala moja la chai, ambalo sitalitaja kwa jina. Hupanga mifuko ya karatasi juu ya majukwaa ya mbao, na mashine huyainua majukwaa hayo hata karibu na paa. Kila mfuko umepigwa chapa ya kiwanda ulikotoka na herufi za daraja lake. Nilitembea katikati ya safu zile nikisoma majina kama mtu asomaye mawe ya makaburi ya jamaa zake: Kericho, Kirinyaga, Nyeri, Murang'a, na vilima vya Rwanda na Burundi. Hata nilipofika safu ya nyuma nikaona mifuko ya Kebirigo. Nilisimama. Kilo moja ya chai kavu hutoka katika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, na kila jani limechumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi lake, mara nyingi na mwanamke aliyelowa umande hata magotini. Kijana akacheka akaniambia kwamba mifuko ya Nyamira yeye huipanga vizuri zaidi kuliko mingine, wala msimamizi hajajua.

Nilikuwa na hamu pia ya kusikia mnada. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Mnada mashuhuri wa London, ambao ndio uliokuwa mkubwa zamani, ulifungwa mwaka 1998, na huu wa Mombasa umekuwa miongoni mwa minada mikubwa ya chai duniani. Huuzwa hapo chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Malawi, Kongo na nchi nyingine, na bei hutajwa kwa dola za Marekani. Wanunuzi wakubwa ni wa Pakistan, Misri, Uingereza na nchi za Uarabuni. Nilidhani nitasikia kelele za watu wakishindana kwa bei. Kumbe tangu mwaka 2020 mnada umeingia katika kompyuta: mnunuzi huketi ofisini mwake akabonyeza kidole, na mkulima wa Nyaramba amekwisha kuuza. Kelele hakuna. Waonjaji bado wako, nao huivuta chai kinywani kwa sauti kubwa kisha huitema, jambo ambalo mama yangu asingaliliruhusu nyumbani mwake. Wakulima wetu hulalamika juu ya bonasi kila mwaka ufikapo mwezi wa Oktoba, na mimi pia nimelalamika, lakini baada ya kuona jinsi chai yetu inavyolala ikingoja mnunuzi wa mbali mwenye shida zake za dola, nimefahamu kwamba anayepanga bei ya jani langu huenda hajui kabisa kama Nyaramba ipo.

Mji wenyewe nilionyeshwa kwa siku mbili. Nilipita chini ya pembe kubwa za barabara ya Moi, zilizowekwa mara ya kwanza mwaka 1952. Niliingia Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu mwezi wa Machi, 1696, hata Desemba, 1698, na waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi na njaa zaidi ya kufa kwa silaha. Waingereza nao waliifanya gereza tangu mwaka 1895 hata 1958, na sasa ni makumbusho. Kuta zake ni nene kiasi cha kumfanya mtu aulize ni nani aliyebeba mawe yote yale, na swali hilo mwongozi wetu hakulijibu kwa kirefu. Katika Mji wa Kale nilinunua kahawa chungu katika kikombe kidogo, pamoja na kashata, nikaketi barazani kwa watu wasionijua, wala hakuna aliyeniuliza nataka nini. Kwetu mgeni akiketi mlangoni pa mtu huulizwa mara moja.

Pale Likoni nilivuka kwa feri kwenda na kurudi. Atembeaye kwa miguu halipi kitu, na watu humiminika kama maji ya mto wa mvua. Wote walikwenda upesi, wengine wakiwa na mikokoteni, mikungu ya ndizi, hata kitanda. Kijana alinikumbusha kwamba katika kivuko cha Mtongwe, kilicho karibu na hapo, feri ilipinduka tarehe 29 Aprili, 1994, wakafa watu zaidi ya 250. Baada ya kusikia hayo nilishika chuma mpaka tukafika ng'ambo.

Lakini jambo nililotumwa lilikuwa bado. Nilipolianza, kijana alisema, "Tata, kwanza twende kwa wakwe zangu." Hapo ndipo nilipojua kwamba ana mke Mgiriama, na mtoto wa kiume wa miezi minane, na kwamba wanakaa katika chumba kimoja Kisauni. Tena alikuwa akiweka akiba ili anunue nyumba. Nilifurahi kusikia neno nyumba, mpaka nilipoelezwa. Nyumba hiyo ilikuwa ni nyumba bila ardhi. Msomaji wa milimani asishangae peke yake. Katika Mombasa ni desturi ya zamani sana: mtu huuza na kununua kuta na paa, na ardhi iliyo chini yake hubaki kuwa ya mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja. Nyumba hurithiwa, huwekwa rehani, hugawanywa kati ya ndugu, na ardhi haimo. Nilimwuliza, "Na mwenye ardhi akiitaka ardhi yake?" Akanyamaza. Kisha akasema kwamba watu wameishi hivyo kwa vizazi vitatu.

Siku ya tatu tulisafiri kwenda kaskazini. Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Kengeleni, mahali penye kengele ya Frere Town, mji uliowekwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele ile ililizwa kuwaonya watu wajapo wakamata watumwa. Tukapita soko la Kongowea lenye vitunguu, viazi na kabichi za bara, na ndizi ambazo huenda nyingine zilitoka kwetu. Tukavuka mkono wa bahari wa Mtwapa, ambako karibu na ufuko kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliohamwa tangu miaka mia kadha wa kadha, na miti imeota vyumbani. Baada ya hapo ni mkonge wa Vipingo, safu kwa safu, kavu na wenye miiba, mpaka macho yachoke. Tuliteremka kabla ya kufika Kilifi, si mbali na Takaungu, tukaingia njia ya mchanga katikati ya minazi na mikorosho.

Mzee wa nyumba ile alinipokea kwa mikono miwili akaniita kivyere, neno la watu ambao watoto wao wameoana. Nilipewa mkeka chini ya mwembe na dafu lililokatwa papo hapo. Aliniletea tembo la mnazi pia, nikalikataa kwa adabu, naye hakukasirika, alilinywa mwenyewe. Aliuliza natoka wapi. Nilipomwambia Kisii, alikiweka chini kibuyu chake, akawaita watu wa nyumba yake. "Huyu atoka huko alikopelekwa Mekatilili," akawaambia.

Mimi nilisoma habari za Mekatilili wa Menza ukubwani, lakini sikupata kuzisikia zikisimuliwa na mtu wa kwao. Mwaka 1913 mwanamke huyo aliwakusanya Wagiriama na kuwaapisha wasitoe vijana wao wafanye kazi ya Wazungu, wala wasikubali kodi. Serikali ya wakati ule ilimkamata pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka kufungwa mbali kabisa na kwao, nako ni Kisii, ambako Waingereza walidhani hapana njia ya kurudi. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 1914, wakatoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Kutoka Kisii hata huko ni zaidi ya kilomita 700, kupitia nchi za watu wasiojua lugha yao, na nyika yenye simba. Mzee aliniuliza, "Watu wa kwenu waliwapa chakula njiani?" Nilijibu kwamba sikupata kuambiwa, lakini mwaka 1908, yaani miaka mitano tu kabla, kijana wetu Otenyo alikuwa amemchoma mkuki ofisa wa serikali, Northcote, kwa maneno ya shangazi yake Moraa, na vijiji vyetu vikachomwa moto na ng'ombe wetu wakachukuliwa. Kwa hiyo sidhani kwamba watu wa kwetu wangewanyima chakula wakimbizi wa serikali ile. Mzee aliridhika na jibu hilo. Alisema, "Mama yule alitembea kwa sababu alikuwa na pa kurudi."

Baada ya chakula, wali wa nazi na samaki, alinizungusha katika minazi yake. Aliihesabu kwa majina: hii ya babu yangu, hii ya baba, hii niliipanda alipozaliwa mama wa mtoto huyu. Nikamwuliza shamba lina ekari ngapi na hati iko wapi. Alicheka kwa namna ambayo sikuipenda. Akanieleza kwamba mnazi ni wake, kivuli chake ni chake, lakini udongo una mwenyewe, ambaye hawajapata kumwona. Asili ya jambo hili ni ya zamani. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ingawa ulitawaliwa na Waingereza tangu mwaka 1895, na ukaunganishwa na Kenya kwa mapatano ya Oktoba, 1963. Katikati ya hapo, mwaka 1908, ilitungwa sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai alitakiwa kuja kudai, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi wa wakulima wa Kimijikenda hawakujua, au hawakuwa na karatasi, au hawakudhani kwamba mtu anaweza kudai mahali alipozikwa babu yake. Hata leo maelfu ya watu wa pwani huitwa maskwota mahali walipozaliwa. Serikali mbalimbali zimetoa hati mahali kadha wa kadha, lakini mzee huyu bado alikuwa akingoja zamu yake.

Mimi nimekulia mahali ambapo ardhi ni haba hata watu hupigana kwa ajili ya mpaka wa miguu miwili. Nilikuwa nikiamini kwamba mwenye nafasi kubwa ni tajiri. Pale nilisimama na mtu mwenye nafasi, mwenye upepo wa bahari na minazi isiyopungua sitini, naye alinitazama kama mimi ndimi tajiri, kwa sababu ya karatasi moja iliyo katika mkebe wa ndugu yangu.

Yeye ndiye aliyemaliza shauri, wala si mimi. Kijana alipoanza kusema tena kwamba nyumbani wafanye wanavyoona vyema, na kwamba labda angeuza sehemu yake anunue ile nyumba ya Kisauni, mkwewe alimkatiza. Alisema maneno machache: "Uuze udongo wenye hati, ununue kuta zisizo na udongo? Mjukuu wangu utamwambia nini?" Kijana aliinamisha kichwa. Mkewe, ambaye mpaka wakati huo alikuwa kimya akimnyonyesha mtoto, alisema kwamba yeye hajapata kuuona mlima wa chai, naye angependa kuuona kabla haujauzwa.

Usiku ule, tuliporudi Kisauni, kijana aliandika barua kwa mkono wake. Aliandika kwamba hatauza. Aliandika pia kwamba hawezi kurudi sasa, maana katika theluthi ya ekari mbili na nusu hapana riziki ya mke na mtoto, na ghalani apata mshahara wa kila juma. Na neno la tatu ndilo lililonitia wasiwasi: ameomba sehemu yake iandikwe majina mawili, lake na la dada yake yule aliyerudi, kwa sababu ndiye anayeichuma chai ya baba yao tangu mwaka 2019, na ndiye anayemwamsha mzee usiku kumpa dawa. Katiba ya mwaka 2010 haimbagui binti katika urithi, wala sheria haimzuii baba kumpa amtakaye. Lakini desturi ya kwetu ni nyingine, na msomaji wa Nyamira au Kisii anajua maneno yatakayosemwa sokoni. Nilimwambia kijana kwamba kaka yake mkubwa hatalipenda jambo hili. Akasema, "Ndiyo maana naliandika, Tata, silisemi kwa simu." Kwa maoni yangu ombi lake ni la haki, nami nilimwahidi kwamba nitalisema hivyo mbele ya wazee.

Nilirudi na barua mfukoni, nazi nne katika mfuko, na picha ya mtoto. Ndugu yangu aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akaisoma mara ya tatu. Aliniuliza kama huyo Mgiriama ni mtu mwenye akili. Nikamwambia kwamba ni mtu mwenye akili sana. Akauliza kama ni kweli hawana hati. Nikamwambia ni kweli. Alikaa kitambo kirefu akimtazama binti yake aliyekuwa akishuka na kikapu kwenda kituoni kupima majani. Mwana mkubwa amekwisha kupata habari, naye amekuja mara mbili na maneno makali. Jirani mwenye fedha hajaonekana tena. Barua imewekwa katika mkebe wa hati pamoja na karatasi za malipo ya chai, na ndugu yangu ameomba siku mbele ya bodi ya ardhi. Mpima atakuja mvua zikipungua.